Lenzi Niliyoifukiza Udi

Mwaka wa sabini na nne, nikiwa na miaka kumi na tisa, baba alifariki, nikaanza kupakua magunia ya karafuu bandarini. Shule niliishia darasa la nne. Nasema mapema, msomaji asidhani haya ninayoyajua niliyasoma mahali.

Mwaka uliofuata nikaingia stidio ya picha Mji Mkongwe. Mwenyewe tukimwita Bwana Fundi. Siku ya kwanza alinipa kamera nichungulie. Kamera zile zilikuwa na kidirisha pembeni. Ukichungulia unamwona mtu mmoja kama wawili, unazungusha pete ya lenzi mpaka wakalingana wakawa mmoja. Hapo ndipo unapiga. Wiki nzima nililinganisha nguzo ya mlango kabla sijapewa filamu.

Mali yenyewe ilikuwa lenzi. Bwana Fundi alikuwa na moja ya shaba, nzito, kongwe kuliko mimi, akiitumia kwa maharusi tu. Masika yalipoingia ikaanza kunuka ukungu. Kwetu nguo ikinuka hufukizwa udi. Basi nikaiweka lenzi juu ya chetezo, ikafuka vizuri, nami nikajiona mjanja.

Jumamosi yake tukapiga harusi Jang'ombe. Picha zote zikatoka na utando mweupe. Mama wa bibi harusi, Bi Zuhura, akaja nazo stidio akazimwaga mezani.

"Bwana Fundi, nilikuita umpige picha mwanangu. Hapa umepiga moshi."

Alipoondoka nilisema ni mimi niliyeifukiza. Bwana Fundi akanipa siku tatu: kioo kirudi safi, au mimi nirudi kwenye magunia.

Pete inayoshika vioo ina vitundu viwili, na ufunguo wake hatukuwa nao. Nikatafuta bikari ya shule, nikainoa ncha zote mbili kwa tupa, nikazitia vitunduni, nikafungua. Mkono uliteleza mara moja, kioo cha mbele kikakwaruzika. Nikaendelea. Udi una mafuta, maji hayayatoi. Niliyatoa kwa spiriti na kipande cha kanzu kuukuu, kioo kimoja kimoja.

Siku ya tatu aliipeleka dirishani.

"Umeikwaruza."

"Naam. Nshakosa."

"Mkwaruzo huu kwenye picha hauonekani. Utando ndio unaoonekana. Kesho fungua lenzi ya pili."

Nilifungua lenzi kwake miaka kumi na sita, kisha katika ofisi moja ya serikali, chini ya mkuu wa picha aliyejua kutia saini tu, mpaka nikastaafu. Bwana Fundi alipofariki, wanawe waliniletea lenzi ile wenyewe.

Siku hizi vijana hunijia na lenzi za zamani wanazozifunga kwenye kamera mpya. Wengi huzificha ndani ya mikoba ya ngozi, unyevu ukazila. Lenzi inataka hewa na mwanga, na mtu wa kuitumia.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Kiembe Samaki, kabati la kioo lenye taa isiyozimwa, bisibisi tisa, lenzi kumi na nne, na ile ya Bwana Fundi, yenye mkwaruzo wangu. Kumi na nne zina bei. Ile haiuzwi.