Majivu ya Mama Ndani ya Gazeti ya Wasomi

Ile miaka reli ilifika Kasese, sisi tulikaa Bwera, na mama yangu alikuwa mutu wa maharagi. Kuweka maharagi ndani ya majivu, kila mwanamuke alijua. Lakini mama alichoma maganda ya ndizi, akasaga pilipili kavu, akachanganya. Wadudu wakifika kwa chungu yetu walirudi kwao.

Siku moja muzungu wa masomo akakuja. Kiswahili alijifunza jeshini, basi hata salamu yake ilikuwa amri. "Mama, simama. Habari. Kaa chini." Mama akasimama, akakaa, akacheka mpaka nikamuletea maji.

Akaulizia majivu, mama akamuambia yote. Kisha: "Sema jina."

"Jina ya nini, Bwana? Majivu haina jina."

"Kazi ya mutu, jina ya mutu. Nikiweka jina yangu peke yake, mimi ni mwizi. Na wenzangu wako wakali. Wanasoma mbele ya kuchapa, wanauliza: uliona ao ulisikia tu? Fungua chungu."

Mama akafungua. Muzungu akaingiza mukono mpaka kwa kiwiko, kisha akajipangusa jicho. Hiyo pilipili aliiona vizuri sana.

Mama akamupa jina, na hapo ndiyo kosa iliingia. Kwetu Wakonzo, jina inafuata kuzaliwa: binti wa kwanza iko na yake, wa pili na yake. Mama alikuwa binti wa kwanza. Na Bwera, nyumba gani haina binti wa kwanza?

Gazeti ikafika. Mwalimu akaisoma sokoni, akitafsiri: dawa hii nilifundishwa na fulani, mama wa Bwera. Wanawake wakasimama kila upande.

"Ni mimi huyo."

"Wewe? Maharagi yako inatembea yenyewe."

Sasa shangazi yangu, dada ya baba, naye binti wa kwanza, muzaliwa wa Bwera, aliuza maharagi Kasese. Dereva mumoja Muislamu, mwenye lori ya kubeba mizigo, akatuletea habari: "Mama, wifi yako anaambia watu iko ndani ya gazeti. Wateja wanapanga mustari."

Mama akaacha chakula. Hakulilia wateja. "Nikikufa," akasema, "wajukuu wangu wataambiwa hii akili ilikuwa ya wifi yangu."

Tukapanda lori ile mpaka Kasese, kwa nyumba ya wageni ambamo muzungu alilala. "Bwana," mama akamuambia, "umeandika Bwera muzima." Akamuelezea mambo ya jina.

Muzungu akashika kichwa. "Kosa ni yangu. Gazeti yetu inasahihisha. Sema jina ya baba."

Mama akasema.

"Hiyo nayo inatoka kwa kuzaliwa?"

"Ndiyo. Kijana wa pili."

"Na mume?"

"Wa tatu."

Muzungu akaweka kalamu chini. "Jeshini ilikuwa rahisi. Kila mutu na namba."

Mama akacheka, na hapo muzungu akaona: juu, mbele, meno mbili ilikuwa na mwanya katikati, kama mulango mutu amesahau kufunga. "Mama, kaa hivyo. Usifunge kinywa." Akachukua kalamu, lakini akangoja. "Niandike hii? Unakubali?"

"Andika, Bwana. Hiyo hakuna mutu ataiba."

Gazeti ingine ikafika, na mwalimu akasoma sahihisho: ni yule mama mwenye mwanya ya meno ya juu. Dereva akapeleka habari Kasese mbele ya sisi kumaliza kushangilia.

Shangazi alikuwa na meno yote, imebanana kama mahindi. Wateja wakaanza: "Mama wa gazeti, hebu cheka kidogo tuone." Maskini, akauza maharagi na midomo imefungwa, bei akionyesha na vidole.

Alipokuja kwetu kula sikukuu, mama akangoja ajaze kinywa, kisha akamusimulia jinsi muzungu alivyochomwa na pilipili. Shangazi akajikaza, akajikaza, akapasuka kicheko.

"Wifi, funika meno," mama akamuambia, akimuongezea mchuzi. "Wasomi wanaona."