Jirani Tuliyemuua kwa Simu

Jirani yangu hapa Kapata, mjini Kolwezi, mama fundi cherehani aliyeshona nusu ya sare za shule za mtaa wetu, alikwenda Lubumbashi kupasuliwa jicho. Aliniaga, akanionyesha hata karatasi ya daktari. Sikuwa na kisingizio chochote cha kutojua.

Siku ya tatu, kwenye kundi la simu la barabara yetu, makamu kiongozi wa kwaya aliweka picha ya mlango wa fundi ukiwa na kufuli. Chini akaandika: "Mama fundi, banasema hali ni mbaya sana." Akina nani waliosema? Hakuna aliyeuliza. Mmoja akaweka mikono ya kuomba. Wa pili akaandika: "Mungu amupokee." Kufikia saa sita mchana jicho lilikuwa limegeuka moyo, moyo ulikuwa umesimama mezani kwa daktari, na mtu ambaye hajatoka Kolwezi mwaka mzima alikuwa akitusimulia maneno ya mwisho ya marehemu.

Na mimi? Nilipiga simu ya fundi mara moja, haikuingia. Nikaweka msalaba na mshumaa. Nilitaka nionekane nimelia, tena mapema.

Kesho yake tulifunga turubai mbele ya nyumba yake, tukapanga viti vya plastiki. Makamu alikaa mbele, akilia kwa sauti yake ya kwaya, akinyamaza tu anapopiga picha. Ndipo teksi ikasimama. Fundi akashuka, bandeji jichoni, mfuko mkononi.

"Bamama, munalilia nani?"

Waliokuwa wakilia kuliko wote ndio waliokuwa wa kwanza kukimbia.

"Simu yangu iliharibika tu," alisema. "Nani alisema mi nilikufa?"

"Mi nilituma tu vile nilisikia," makamu akajibu, kana kwamba picha ya mlango ule ilijipiga yenyewe.

Jioni kundi likajaa: "Mungu wetu ni muweza!" Watu waliomzika bila kumwona sasa walidai kwamba maombi yao ndiyo yaliyomfufua. Neno samahani halikuandikwa na yeyote, nami nikiwemo.

Siku mbili baadaye mama yake mzazi alifika kutoka Kisenge juu ya lori la mizigo, kichwa kimenyolewa chini ya kilemba, kitambaa cheusi kiunoni. Habari zetu zilikuwa zimefika hadi kule. Alimkuta binti yake kwenye cherehani, akishona. Hakupiga vigelegele. Alikaa sakafuni, akamshika mguu, akauachia, akaushika tena.

"Nilishakuzika mu roho," alisema. "Sasa sijui namna ya kukutoa mule."

Nilikuwa nimesimama pale na sahani ya bukari, ugali wetu. "Mama, mi pia nilituma," nikasema. Hakuna aliyenitazama.

Makamu akaingia, simu juu. "Tata Mungu asifiwe! Tupige foto ya ushuhuda."

Bibi kizee akamgeukia, akaondoa kilemba, akainamisha kichwa chake cheupe kilichojaa mikwaruzo ya wembe.

"Piga hapa," alisema. "Utume kwa bote."

Makamu alishusha simu, akakumbuka ana mazoezi ya kwaya. Picha hiyo, pekee ambayo ingekuwa ya kweli, haikupigwa kamwe.

Fundi alipokea sahani yangu, akamlisha mama yake. Mimi hajanisalimu mpaka leo, na kundi tayari linamwombea jirani mwingine mgonjwa.