Mchumba Aliyetoka London kwa Siku Mbili

Siku ya harusi yangu, gari moja lilishusha mabwana harusi wawili.

Msinicheke. Mjukuu anaandika, mie bibi yenu Tunu ndo naropoka.

Ilikuwa Temeke, mwaka hamsini na tano, Mwingereza bado yupo. Mchumba wangu Jabiri alipelekwa London kusomea upimaji wa ardhi. Miaka miwili ikapita, baba akachoka kungoja.

"Mwezi huu ukiisha hajafika, unaolewa na Mwinshehe."

Mwinshehe alikuwa tajiri wa nazi, anakaa Kipawa. Tena ana motokaa!

Mwezi unakatika, Jumatano ikaja telegramu: NAONDOKA LONDON LEO. JABIRI.

Nikaruka kama chizi. Baba akacheka.

"London? Meli ni karibu mwezi mzima, mwanangu. Nikaha ni keshokutwa."

Nililia mpaka shangazi Hamisa akashindwa kunipaka wanja.

Ijumaa baada ya swala, pilau liko tayari, honi ikalia. Pipiii! Vigelegele! Nikachungulia dirishani.

Akashuka Mwinshehe, kanzu nyeupe pee. Upande wa pili akashuka mwanamume kavaa koti zito jeusi, jasho linamtiririka.

Jabiri!

Nilipiga ukelele, wakadhani nimepagawa.

"Shikamoo baba," Jabiri akasema.

Baba hata marahaba hakuitika. "We umetokea wapi?"

"London, baba. Nimeondoka juzi."

"Juzi ipi?!"

"Kwa ndege. Tumeshuka Roma, Khartoum, Entebbe, tukalala Nairobi. Asubuhi hii nimetua Kipawa. Maili karibu elfu tano."

Baba akaangalia juu, akamwangalia Jabiri, akaangalia juu tena.

"Mie Mafia tu hapo nilikaa baharini siku tatu!"

Watu hoi kwa kicheko. Kumbe Jabiri alikosa usafiri uwanjani, akasimamisha gari barabarani. Gari la Mwinshehe, anakuja kunioa!

Njia nzima Jabiri anamsimulia habari za mchumba wake. Kufika Chang'ombe akamtaja: Tunu binti Shomari wa Temeke.

 Wote macho kwa Mwinshehe.

"Sasa si ungemshusha hapohapo?" baba akamuuliza.

Mwinshehe akakuna kidevu. "Nilisimamisha gari kweli. Nikamtazama na koti lake lile. Mtu kakatiza mabara kumfuata huyu binti, mie nimbwage Chang'ombe? Nikawasha gari."

Kisha akamgeukia Jabiri. "Ila bwana, vua hilo koti. Utamfia mke kabla ya nikaha."

Tukafunga ndoa alasiri ileile. Shahidi wa kwanza, Mwinshehe. Na pilau alikula sahani tatu, nilimwona!

Wajukuu zangu, mkipendana na mtu aliye mbali, msikubali mwingine awapigie hesabu ya safari yake. Na ukipata bahati ya kuwa muungwana siku moja tu maishani, iwe siku inayokuuma. Mwinshehe alipofariki, Jabiri ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza.