Mikono ya Rubani

Kabla ya kuruka kutoka Singida, rubani kijana aliipapasa ndege yake ndogo polepole, kama mfugaji anayekagua ng'ombe wa mahari. Redempta, mkulima wa Ihanja aliyekuwa akienda kumwona bintiye, askari wa hifadhi ya sokwe, alimtazama kwa hofu. Njiani rubani aliimba kwa sauti ya chini. Walipofika juu ya msitu, mvua ikauficha uwanja wa kutua, akaacha kuimba.

"Mama, silazimishi kutua. Tutazunguka mpaka tuuone."

Wakazunguka, mikono yake imetulia kwenye usukani. Wingu lilipofunguka, akaishusha ndege taratibu kwenye nyasi. Ndege iliposimama, vidole vyake bado viliung'ang'ania usukani. Redempta akavishika kwa viganja vyake vigumu.

"Umenifikisha, mwanangu."

Nje, bintiye alikuwa akikimbia kwenye matope, akicheka.