Bawa la Kushoto

*Mwenye barua hii sisi wa gazeti tunamjua, nanyi hamtomjua. Isomeni mpaka mwisho, kisha mpeni neno.*

Kwa wakaazi wote wa Mjini na Ng'ambo, wa mashamba na wa visiwa vidogo: inatangazwa kwa heshima na taadhima kuwa, tangu Ijumaa iliyopita, mimi ndiye ninayemiminiwa kahawa mwanzo barazani kwetu, kabla ya mwalimu wa chuo cha Kurani na kabla ya mwenye baraza mwenyewe. Bendera zisipandishwe, inatosha mkijua tu.

Mimi ni mwanamme wa miaka arubaini na sita, mfupi, mwenye kitambi ambacho mama watoto anasema hunitangulia kupiga hodi. Zamani nikichonga milango na masanduku. Zilipokuja ndege zenye mabawa ya mbao yaliyovishwa kitambaa, akatafutwa mtu anayejua mbao, nikapatikana mimi. Ndivyo seremala wa masanduku alivyogeuka fundi wa ndege, mtu ambaye hata ngazi ya nyumba yake huipanda akisoma Ayatul Kursiy.

Ndege yetu ni kuukuu, ya injini mbili, inakwenda Pemba na kurudi. Mwaka huu ikaja amri kutoka Bara: ndege za aina hii zilizozeeka zisiruke mpaka mabawa yakaguliwe pale yanaposhikana na kiwiliwili. Unafungua kifuniko, unatoa boliti nne zinazolishika bawa, unachungulia matundu kama mbao imeoza. Ukiikuta nzima, unatia boliti mpya, kisha unatia saini. Wa kukagua ni mimi. Wa kufunga vifuniko ni mwenzangu, nitamwita Rajabu, tuliyesoma chuo kimoja. Mtu mpole, ambaye tangu alipougua homa kali mwaka juzi husahausahau. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtania: "Rajabu, leo umevaa kanzu yako au ya jirani?" Naye hucheka: "Muulize jirani, mimi sijui."

Siku ya ukaguzi nilimaliza bawa la kulia. La kushoto nilishafungua kifuniko chake, sijagusa boliti hata moja, jeneza likapita njia ya kando ya kiwanja cha ndege. Nyinyi mnajua, jeneza halipiti mtu akabaki na bisibisi mkononi. Nikenda kutia bega, na bega likanifikisha makaburini. Niliporudi, Rajabu alikuwa keshafunga vifuniko vyote, akidhani kazi imekwisha. Nikatia saini. Ndege ikaruka.

Siku ya nne, abiria wakipanda, watu wakaniona nakimbia uwanjani na kitambi changu, napunga mikono: "Teremkeni! Teremkeni nyote!" Rubani akaghairi kuwasha injini. Bawa la kushoto likafunguliwa, na mbao ya matundu mawili ilikuwa laini kama mkate wa boflo uliochovywa chai. Bwana mkubwa wa kiwanja akanipa mkono mbele za watu. Mjini wakasema nimeoteshwa. Ndiyo hiyo kahawa.

Kisha Bwana mkubwa akauliza: "Nani alikagua bawa hili?"

Ulimi ukatangulia akili: "Nilipokwenda mazikoni nilimwachia Rajabu amalizie. Akanambia tayari."

Rajabu akasimamishwa kazi palepale. Mwezi ujao anakuja mkaguzi kutoka Bara; akiyathibitisha maneno yangu, Rajabu atafukuzwa na hatoshika tena bisibisi kwenye kiwanja chochote. Ana watoto watano na hana kazi nyengine anayoijua.

Lau angalinitukana, ningalistahamili. Alikuja nyumbani jioni ileile, akakaa mkekani.

"Kaka, kweli ulinambia?"

Nikajifanya naunyoosha mkeka.

"Nnajaribu kukumbuka, sikumbuki. Basi labda ulinambia. Kichwa changu hiki nshakichoka, wallahi. Nisamehe, kaka. Nusura niue watu."

Ananiomba msamaha mimi! Mama watoto akamletea chai, naye akaishika tu mpaka ikapoa. Sasa kamwambia mkewe asimpe tena mtoto kwenda naye sokoni, asije akamsahau huko.

Ndugu zangu, chakula hakinipiti kooni, na anayenijua anajua hiyo ni habari kubwa kuliko ya kahawa. Nikisema, kazi imekwenda, na pengine nifungwe. Nikinyamaza, namzika mtu angali hai, na yeye mwenyewe ananisaidia kuchimba.

Lakini nitaombaje shauri na huku nimewaficha nusu? Haya basi. Rajabu sikumwachia neno lolote. Wala sikusahau. Nilipokuwa natia saini, boliti nne mpya zilikuwa mfukoni mwangu, zinanigonga paja. Rubani alikuwa akitazama saa, nami nikaona haya kusema kifuniko kifunguliwe upya. Nikajiambia, kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Siku tatu ndege ilikwenda Pemba na kurudi imejaa watu, nami nikiitazama mpaka ipotee, kisha nakwenda zangu kula.

Siku ya nne sikuoteshwa kitu. Nilimwona binti yangu katika safu ya abiria, kampakata mwanawe, anakwenda kwa mumewe Chake, huko Pemba. Kapata nafasi asubuhi ileile, hata kuniaga hakuwahi. Ndipo nikakimbia.

Rajabu huja kwangu kila baada ya Alasiri, kwa kuwa ananiamini, nimfunze namna ya kumjibu mkaguzi. Nipeni shauri, jamani: nimfunze aseme nini?