Walii wa Bushra

Othmani, fundi makochi wa Doornfontein, Johannesburg, mzaliwa wa Tanga, alipopata viza ya Marekani hakumwambia mtu siku nzima. Siku ya pili akawaambia wote. Alimwambia mama wa spaza, kile kiduka cha mtaani, aliyemuuzia mkate, akamwambia mlinzi wa jengo, akawaambia hata watu wa karakana ya jirani ambao hakuwa na mazoea nao. Anakwenda Texas mwezi wa nne, mwaka huu huu wa 2018, kabla ya Ramadhani. Binti yake Bushra anaolewa huko, na yeye baba mzazi ndiye walii, mwenye haki ya kumwoza. Bila yeye hakuna ndoa.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimtafuna.

"Mzee Othmani, kule mwezi wa nne ni baridi ao joto?" aliuliza Pitchou, Mkongo wa Lubumbashi aliyeshona naye vitambaa vya makochi.

"Kule ndiyo kwanza maua yanachanua. Bushra anasema kando ya barabara kote kunakuwa buluu tupu."

"Eish. Na sisi huku tutakuwa tunatafuta makoti. Utarudia huku kweli?"

Othmani alicheka, akagongomea msumari mahali pasipotaka msumari.

Ukweli ni kwamba walii si lazima aende, na Othmani alilijua hilo vizuri kuliko wengi. Johannesburg ndoa za namna hiyo ni za kila leo. Bibi harusi yuko Jeppestown, baba yake yuko Tanga au Unguja. Simu inawekwa spika, mzee anamkasimia uwalii mtu anayemwamini, mashahidi wanasikia, halua inaliwa. Alipooa jirani yake Bakiri, Othmani mwenyewe ndiye aliyeishika simu. Kwa hiyo siku Bushra alipompigia na kusema, "Baba Othmani, nauli niliyojaaliwa ni ya mtu mmoja, na walii ni wewe," jibu lilikuwa fupi. Angeweza kusema: mimi namkasimia Vuai, tiketi mpe yeye. Hakusema. Alisema, "Inshallah, mwanangu," harakaharaka, kama mtu anayewahi kiti kabla mwenyewe hajarudi.

Na Vuai huyo ni mwoka mikate wa Tanga aliyemwoa Tumu, mama yake Bushra, baada ya Othmani kumwacha na mtoto ambaye hata ziwa hajaacha. Othmani alikuja Afrika Kusini kutafuta, akatafuta mpaka akasahau anamtafutia nani. Tumu alipofariki, Bushra akiwa darasa la tano, ndugu walimpigia wakamuuliza mtoto aende wapi. Akasema akae hapo hapo kwanza. Hiyo "kwanza" ikaendelea mpaka Bushra akawa muuguzi, akapata viza ya bahati nasibu, akahamia Houston. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na aliyeifanya kazi hiyo anajulikana. Mpaka leo Bushra akisema "Baba" bila kuongeza jina, anamkusudia Vuai. Othmani ni "Baba Othmani", kama wazee wengine wa mtaani.

Lakini tusimwonee. Alitaka kumwona mwanawe, ambaye tangu uchanga wake hakuwa amemwona ila kwenye picha za simu. Alitaka pia, tusifichane, kupanda ndege na kupigwa picha katikati ya yale maua ya buluu. Mambo hayo mawili yalikuwa yamemchanganyikia, hata yeye hakujua lipi linaishia wapi. Alinunua suti kwa wachuuzi wa Marshalltown, suti ya rangi ya maziwa. Wakamshikia kioo, akaona imempendeza, akaona aibu kwamba imempendeza. Bei aliyotajiwa akalipa bila kuteta, jambo ambalo Mtanga halifanyi akiwa mzima.

Jumapili moja alasiri, Othmani akiwa chumbani kwake Jeppestown anajaribu viatu, simu ikalia. Alikuwa Vuai.

"Bwana Othmani, hongera ya viza."

"Ahsante, kaka Vuai. Nimeshukuru."

"Nimeona nikupe mawili matatu kabla hujaondoka. Bushra anasema majira hayo mvua zao zina radi sana. Radi anaiogopa tangu udogoni. Hatakwambia. Utamwona tu anasema sana, hili na lile, halina mwisho. Basi mwache aseme, usimkatize. Na asubuhi hali kitu mpaka kwanza anywe chai ya tangawizi. Usimhimize kula, atakasirika, naye akikasirika hasemi."

Othmani alisikiliza. Katika hayo yote hakuwa anajua hata moja. Akaona kwamba akikata simu sasa hivi bila kusema, basi hatasema tena, atakwenda Texas kama mwizi aliyevaa suti.

"Kaka Vuai," alisema, "kuna jambo nimelinyamazia. Sikuwa na haja ya kwenda. Ningekukasimia uwalii kwa simu, ukaenda wewe, ukamwoza mwanao. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwenda mimi. Sasa tiketi ina jina langu na viza ina jina langu. Nakuomba unisamehe."

Upande wa pili zilisikika trei zikipangwa, kisha zikaachwa.

"Nilijua," alisema Vuai.

"Ulijua nini?"

"Hilo la kukasimu. Imamu wao wa kule alimweleza Bushra mapema kabisa, kabla hajakupigia. Mtoto akanipigia mimi, akaniuliza afanyeje. Nikamwambia mwite baba yako."

Othmani aliketi kitandani, kiatu kimoja mguuni. Aibu aliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ya kwake peke yake, ameizoea. Hii ilikuwa nyingine, kubwa zaidi, na aliyempa ni mtu asiyemdai kitu. Angenyamaza ingekuwa heri, lakini hakuweza.

"Na yeye Bushra? Alimtaka nani?"

Trei moja ilisikika ikiwekwa juu ya nyingine.

"Hilo usiniulize, Bwana Othmani," alisema Vuai, polepole. "Na yeye usimuulize. Wewe nenda, kamwoze mwanao."