Gunia Zima la Mkaa

Visado vya mkaa vya mtaani kwetu hapa Geita vimebonyezwa kitako. Muuzaji anachukua kisado kizuri cha rangi, anakigonga kwa chini mpaka tumbo linaingia ndani, halafu anakijaza mbele yako na kuweka kilima juu, na wewe unaondoka umefurahi kwamba umependelewa. Mimi nimenunua visado hivyo miaka nenda miaka rudi, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na asante nikasema. Ujinga gani huo, jamani!

Aliyenifumbua macho ni mteja wangu. Kazi yangu ni kusuka nywele, nina kibanda changu karibu na stendi, na kichwa cha rasta ndogondogo ni kazi ya kutwa, kwa hiyo mteja na mimi tunaongea mpaka tunajuana ukoo. Huyu mama anafanya kazi ya uhasibu, na hesabu haimtoki kichwani hata ukiwa umemwinamisha unamsuka. Siku hiyo aliniona nainuka mara naenda kununua dumu la maji, mara mafuta ya kupima ya kupikia jioni, mara bando la siku la simu. Akaniuliza, "Hivi wewe, mbona unanunua kila kitu vipandevipande?"

Nikamwambia ndivyo tunavyoishi. Akaanza kunipigia hesabu. Visado ninavyonunua kwa mwezi ni bei ya karibu magunia mawili, na gunia moja lingenitosha mwezi mzima na kubaki. Mafuta ya kupima, hali kadhalika. Unga wa robo, hali kadhalika. Akauliza mama yangu namtumiaje pesa, nikasema namtumia kidogo kidogo kila nikipata. Weee! "Unakatwa wewe ukituma, anakatwa yeye akitoa, kila mara. Hapo unamlisha nani, mama yako au mtandao?"

Nusura niivute ile rasta kwa makusudi. Mtu wa mshahara anajua mwisho wa mwezi uko wapi. Mimi pesa yangu inaingia na kichwa cha mtu. Kichwa kisipokuja, hilo gunia nalinunua kwa pesa gani? Nikaendelea kusuka, ila sura nilikuwa nimeikunja.

Maneno yake yalinikaa kwa sababu ya mama yangu. Mama ni mkulima, anaishi kijijini mbele ya Ushirombo, na mimi ndiye mtoto wake niliyebaki. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilishakwenda, la kulia lilikuwa likiona mwanga na vivuli vya watu, na daktari aliniambia wazi kwamba hilo la kulia lisisubiri. Tulipewa tarehe ya upasuaji. Lenzi juu yangu, dawa za kudondoshea juu yangu, nauli ya kwenda na kurudi hospitali juu yangu. Nilitoka pale nikiwa na tarehe mkononi na sina hata pa kuanzia.

Mume wangu anachimba dhahabu kwenye machimbo madogo ya upande wa Bulyanhulu. Mawe yakijibu anatuma, yasipojibu ananyamaza, na mimi nimezoea kunyamaza kwake. Mwezi ule yalijibu. Hayakujibu kwa kiasi cha kununua lenzi, lakini yalijibu. Nikasema sasa nitafanya kama yule mama wa hesabu alivyosema. Nikanunua gunia zima la mkaa, ndoo ya mafuta na kiroba kikubwa cha unga. Kwa fundi seremala nikachukua kibubu cha mbao, na kila siku pesa ambayo ningempa muuza visado nikaitumbukiza humo. Na simu nikaacha kununua bando, nikawa nasubiri kupigiwa.

Yaani siku zile za kwanza nilijiona mjanja! Nilikuwa nakitikisa kibubu kila jioni kusikia kimefikia wapi. Nikamleta mama mapema akae na mimi mpaka tarehe, maana hata ile pesa ya kumtumia si ingebaki? Nilipiga hesabu zote. Hesabu ambayo sikuipiga ni ya uani.

Nyumba tunayopanga ina vyumba sita vinavyotazamana, ua ni mmoja, jiko la kila mtu liko mlangoni pake. Gunia halikuenea chumbani, kwa sababu chumbani kuna kitanda, kabati na sasa mama. Nikaliweka nje ya mlango, barazani. Mama naye nikamwekea kigoda hapohapo apate hewa.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu anayekaanga samaki jioni pale njiapanda. Alipita, akaliangalia gunia, akaniangalia mimi. "Jirani, mambo yako si mabaya! Nipunguzie kidogo niwashie jiko, nikiuza nakurudishia." Nikampa. Ungemwambiaje hapana na gunia limesimama hapo hapo? Ukinunua kisado kimoja hakuna anayekuomba, kila mtu anaona kimoja hicho na sufuria yako iko mkononi. Lakini gunia! Ukimnyima mtu mbele ya gunia, jioni hiyohiyo nyumba nzima inajua una mkono wa birika.

Lakini mimi kutwa niko kibandani. Aliyekuwa nyumbani ni mama.

Siku moja nilirudi nikakuta gunia limeinama. Mdomo uliokuwa unasimama wenyewe ulikuwa umelala. Mama amekaa kwenye kigoda chake, vidole vyeusi tii, anacheka na mtu.

"Mama, mkaa umechotwa na nani?"

"Na wenzio," akasema, bila wasiwasi wowote. "Yule wa samaki. Yule mwenye sauti ya mafua. Na mwingine amekuja ana mtoto mgongoni analia njaa, sasa ningemwambia nini? Hata unga nimempimia."

"Umempimia na nini?"

"Na bakuli. Nikalijaza mpaka likamwagika, ndiyo nikajua limejaa."

Nikakaa chini palepale barazani na mkoba wangu wa vitana. Nikamweleza taratibu, kama anavyonieleza yule mteja wangu: huu mkaa tusipoununua kila siku, pesa yake inakwenda kwenye kibubu, na kibubu ndicho kitanunua lenzi ya jicho lako. Kila unapochota, unachota kwenye jicho lako. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akanishika mkono. "Nimekuelewa, mwanangu. Sitoi tena."

Na kweli alinielewa, sitaki kumsingizia. Kesho yake alitoa tena. Nilipomuuliza aliona aibu, akasema ni vipande vichache tu, vya mkononi. Mtu amesimama mlangoni anamwita mayu, yaani mama, anamwamkia kwa mwangaluka ya Kisukuma na habari za kulala, anamuuliza jicho linaendeleaje, halafu anaomba moto wa kuchemshia uji. Mama yangu kwao hakuwahi kumrudisha mtu mikono mitupu tangu azaliwe. Nilikuwa namtaka ajifunze uchoyo uzeeni, tena kwenye nyumba ya kupanga.

Nikabuni mbinu. Mkaa uliobaki nikaupakia kwenye viroba, nikavisukuma chini ya kitanda, nikamwambia mama kwamba mkaa umekwisha, akija mtu amwambie umekwisha. Siku ya pili nakuta amenuna. Chakula hataki, chai hataki. Nikambembeleza mpaka akasema. Alikuwa anatafuta ndala zake kwa mguu, mguu ukagusa viroba. "Kumbe upo! Na mimi nimekaa hapa asubuhi nzima nawaambia watu umekwisha. Umenifanya nimdanganye yule wa samaki, mtu aliyenichagulia miiba jana yote."

"Miiba gani, mama?"

Alijifunika khanga mpaka kichwani. Mimi nikavuta viroba, nikavirudisha barazani. Hamna namna.

Juma lililofuata mteja mmoja aliahirisha, nikarudi nyumbani mchana. Nilisimama langoni kabla hawajaniona. Yule wa samaki alikuwa amekaa chini, sahani mapajani, anaambua samaki, anatoa miiba, anampa mama nyama tupu mkononi huku anamsimulia umbea wa njiapanda. Mwenye mafua alikuwa ameushika mguu wa mama anamkata kucha. Yule wa mtoto alikuwa amemlaza mwanawe mapajani kwa mama, na mama anampapasa uso, pua, masikio, anasema huyu amefanana na baba yake, wakati hata huyo baba hajawahi kumwona. Wakaangua kicheko wote.

Mama aliwahi kuniambia kwamba kule kijijini watu hawasimami naye njiani siku hizi. Wanapita. Yeye hawezi kuwaamkia kwanza kwa sababu haoni ni nani anayepita, na wao wanaona kama amewakaushia. Alikuwa anakaa kutwa na redio. Pale uani hakuna aliyempita. Nilitaka kuingia na hasira zangu niseme jamani, basi, mtaniulia mzazi. Nikatafuta pa kuanzia, sikupaona. Nilimwonea nani hasira? Yule wa mtoto ananunua kisado kimoja kama nilivyokuwa nanunua mimi, na siku nilipokosa kichwa cha kusuka mwaka jana ni yeye aliyenipa unga. Nikaingia, nikasema hodi, nikawasha jiko.

Gunia liliisha kabla mwezi haujafika nusu. Ndoo ya mafuta ikafuata. Nikarudi kwa muuza visado, na pesa ya kisado haikuwapo mahali pengine isipokuwa kwenye kibubu. Mara ya kwanza nilitumia kisu cha jikoni, nikachokoa noti ndogo kwenye tundu nikiwa nimempa mama mgongo, kama vile anaona. Baadaye nikang'oa kitako kabisa. Nilimpigia mume wangu, akasema shimo limejaa maji, wanatafuta mashine ya kunyonya. Nikamweleza mteja wangu wa hesabu siku aliyokuja kufumua. Akasikitika kweli, akasema ningeliweka gunia ndani, nikafunga mlango. Ndani wapi, dada? Na nikamfungie nani?

Bado nasema alichonifundisha ni kweli tupu. Nunua jumla ukiweza, tuma pesa mara moja, usilipie kitako kilichobonyea. Lakini hayo ni mambo ya mtu mwenye stoo. Sisi tunaonunua kidogo kidogo, sehemu ya ile bei tunanunua kutoonekana tuna kitu.

Tarehe ilifika tukiwa na chini ya nusu ya pesa. Nilikwenda mwenyewe kuwaambia. Muuguzi hakunigombeza, alisema tu watatupangia nafasi nyingine, watatupigia. Nikamuuliza jicho litasubiri? Akaniangalia, akasema tuombe Mungu.

Nilipomwambia mama, alisema haidhuru, mvua za kwanza zimeanza na lazima awepo shamba lake likipandwa, atakaa pembeni aelekeze. Hakusema neno lolote kuhusu mkaa. Nilitamani aseme. Nilitamani anilaumu, au anipe nafasi ya kumlaumu, tulie yaishe.

Asubuhi ya kuondoka uani kulijaa. Kila chumba kilikuja na chake. Sukari. Mche wa sabuni. Majani ya chai, viberiti, chumvi. Samaki wakavu waliofungwa vizuri kwenye karatasi. Yule wa mtoto, ambaye najua hali yake, alileta kitenge kipya kabisa, bado kimekunjwa cha dukani. Nilisimama na lile furushi mikononi nikawa nalipima uzito. Ukijumlisha bei ya vitu vile, na mkaa uliotoka, lenzi ilikuwa humo. Ilikuwa humo kabisa. Sasa nikauze zawadi za mama yangu, wenye zawadi wakinitazama? Nikasema asanteni, Mungu awabariki.

Wakatusindikiza mpaka stendi. Nilimpandisha mama kwenye basi, nikamkalisha dirishani, nikamwekea furushi mapajani. Alikuwa na furaha kama mtu anayetoka harusini. Akaingiza mkono akawa anavitambua kimoja kimoja kwa kupapasa, hii sukari, hii sabuni, mpaka mkono ukafika kwenye kitenge. Akakivuta nje.

"Cha rangi gani?"

"Cha njano, mama. Kina maua ya bluu."

Alikisogeza karibu kabisa na jicho la kulia, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akakiangalia kwa muda mrefu. Kondakta akapiga bodi, akanipigia kelele nishuke.

"Bluu," mama akasema. "Hebu nioneshe iko wapi."

Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya ua.